Tafsiri Iliyokatwa Kabla ya Lulu

Aliyeikata tafsiri ile ni Bwana Longino, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa upande wa Namswea, katika miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima ya Umatengo na malori yao. Si mgeni aliyesema, si wakulima waliosikia, wala si mimi niliyekuwa mkalimani. Naanza na jina kwa sababu katika utumishi wangu nilisoma taarifa nyingi mno zilizoanza na hali ya hewa zikaishia bila kumtaja mtu. Bwana Longino yu hai. Ana afya njema, na Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani. Anaweza kunijibu.

Ninyi vijana mnaoifanya kazi hii leo, mnaoandamana na wageni wa makaa ya mawe kule Ngaka mkiwa na kofia ngumu vichwani, hunisalimu vizuri mnaponikuta njiani. "Shikamoo mzee. Hivi zamani mlikuwa mnakalimani vipi bila simu?" Nawaitikia marahaba, kisha nasema tulitumia masikio, mnacheka, na lori linalofuata linawachukua. Jibu lenyewe ni refu. Nimeketi niliandike, maana naona mmeanza kuamini kwamba mfano wa Kiingereza ni kitu cha kubonyeza.

Nilizaliwa Pangani, nikaletwa Mbinga na barua ya uhamisho, karani wa ofisi ya wilaya. Nilifika Juni. Mtu wa pwani asiyeujua ukungu wa Mbinga wa mwezi huo hudhani amefika mahali ambapo bado hapajamalizwa kuumbwa. Mke wangu aliuvumilia msimu mmoja wa baridi, akarudi kwao kujifungua, na hakupanda tena. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Naeleza tu kwa nini nyumba ya serikali niliyopewa ilikuwa na kiti kimoja kilichochakaa na vingine vilivyobaki vipya.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kiingereza kuliko makarani wenzangu, kila mgeni aliyefika, wa maji, wa chanjo, wa barabara, nilikabidhiwa mimi. Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Otmari, mstaafu wa shule ya misheni, mzee mfupi aliyevaa tai hata siku ya kupalilia. Alinifundisha kusimama kushoto kwa msemaji, nusu hatua nyuma, ili watu wamtazame yeye na wanisikie mimi. Alinikataza maziwa kabla ya mkutano, kwa kuwa hufunga koo. Aliniambia nimfuate mgeni anapokunywa chai ya asubuhi, nimwombe mifano yake yote mapema, kama mpishi anavyoomba kuona nyama kabla ya kuwasha moto.

"Na wakati wa kusema," alisema, "ukisikia Mwingereza amemfananisha mtu na kitu, usifungue mdomo. Vuta pumzi moja. Jiulize kwanza: anasifu au analaumu? Ukishajua, anza na hilo. Mnyama wake atafuata nyuma."

"Na nikishindwa kumpata mnyama wa huku anayefanana?"

"Mweleze yule yule wa kwao, mpaka mkia. Mfano ni mbuzi wa mahari, kijana wangu. Hupeleki paja ukasema mengine yanakuja."

Kanuni hiyo niliivunja mapema, nikavuna nilichopanda. Tulikuwa Lipingo, ufukweni mwa ziwa, na mgeni wa mradi wa maji akitaka kumsifu ofisa mmoja wa hapo kwa namna ya utani alisema kwamba bwana yule ni samaki mkubwa ndani ya kidimbwi kidogo. Nikautafsiri kama ulivyo, haraka, bila pumzi. Watu wa ziwa hawatajiwi samaki wakanyamaza.

"Samaki gani?" akauliza mzee mmoja. "Mbasa au kambale?"

"Mbasa haingii kidimbwini," mama mmoja akamjibu. "Huyo ni kambale."

"Basi akimbie," akasema mwingine, "maana maji yakishuka, kidimbwi kikikauka, wa kwanza kuokotwa ni huyo huyo mkubwa!"

Walicheka mpaka ofisa mwenyewe akavua miwani akaifuta. Mgeni aliniuliza kwa nini utani wake umefanikiwa kiasi kile. Nilimwambia watu wa Lipingo wanapenda samaki. Nilipomsimulia Mwalimu Otmari hakucheka. "Umepeleka paja," alisema.

Jambo ambalo hakunifundisha, labda kwa sababu yeye alikuwa na mke na wajukuu, ni hili: mkalimani husema "mimi" kuanzia asubuhi hadi jioni, na "mimi" huyo hata mara moja si yeye. Nimewahi kusema "nawapenda sana, nitawakumbuka daima" mbele ya uwanja mzima, nikapigiwa vigelegele, kisha nikarudi nyumbani kupasha uji. Jirani zangu walikuwa watu wema, lakini jioni walisema Kimatengo, nami nilikuwa mtu wa mikutano. Waliponiona walidhani kuna tangazo.

Aliyekuja bila kutaka tangazo alikuwa Gaudensi. Alikuwa mkulima, mwenye kahawa yake na mashamba yake ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika udongo mlimani usiporomoke. Kwenye chama cha msingi alikuwa mpokeaji wa kahawa. Kila Jumapili baada ya misa alipitia kwangu na maharage kidogo, akaketi kwenye kimojawapo cha vile viti vipya, na kila Jumapili aliuliza swali lile lile.

"Mswahili wangu, wiki hii umesema maneno ya nani?"

"Ya bwana chanjo na ya bwana madaraja."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu hayajaombwa."

"Basi mimi nayaomba. Sema." Nami nilisema. Nilimweleza Pangani, mto unavyoingia baharini, wajomba zangu waliokuwa wakivunja chaza kwenye miamba maji yakitoka. Hakuwahi kuona bahari. Alisikiliza kama mtu anayehesabiwa mali yake.

Kazini hakupendwa. Mtu akileta gunia, Gaudensi hakuliangalia juu juu. Alizamisha mkono mpaka kwapani, akaleta kahawa ya chini kabisa, akaimwaga mkekani, akaing'ata punje moja. Yenye punje mbichi alirudisha. Iliyoanikwa chini badala ya kichanjani alirudisha. Alimrudisha mjomba wake mwenyewe mbele ya wake zake. "Huyu Mungu alitaka kuumba kufuli," walisema, "udongo ukazidi." Alimrudisha pia Bwana Longino, naye akiwa mwenyekiti. Hilo nalieleza kama lilivyo. Msomaji atalipima mwenyewe. Lakini kahawa ya chama kile ilikuwa na jina, na wote waliomlaumu kwenye mizani waliringa nayo sokoni.

Sasa soko likafunguliwa. Zamani kahawa ilikuwa na njia moja; mara zikawa njia nyingi, na kila njia na lori lake. Wanunuzi wengine walichukua chochote, mbivu na mbichi, ilimradi gunia lijae. Msimu mmoja, Gaudensi akiwa msibani ukweni kwake, chama kilipokea mzigo bila yeye, na mnunuzi akaurudisha: chini ya magunia kulikuwa na mchanga wa kuongeza uzito. Aliyeutia hakujulikana. Vijana, eleweni uzito wa neno hilo huku mlimani. Mmatengo akitaka kukuambia fulani ni mwizi bila kulitamka neno lenyewe, husema tu kwamba kahawa yake ina mchanga.

Ukaitishwa mkutano wa kumchagua mtu mmoja atakayekiwakilisha chama mbele ya wanunuzi wote na kuwa na kauli ya mwisho juu ya ubora. Gaudensi aliitaka nafasi hiyo. Hakuwa mtu wa kutaka vitu, lakini hiyo aliitaka, na Jumapili iliyotangulia alikiri kwangu akitazama chini. "Wakinipa, Mswahili, watakuwa wamesema kwamba hawakunichukia bure. Wakininyima, sina la kufanya tena pale. Siwezi kupokea takataka nikaitia muhuri."

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja Mwingereza, mwonjaji wa kahawa, mrefu, mwenye kofia ya majani. Asubuhi nilimfuata kwenye chai, nikamwomba mifano yake. Alisema hana mfano wowote, atazungumza kahawa tu. Andikeni hili vichwani: mgeni anayesema hana mifano ndiye wa kuogopwa.

Mkutano ulikuwa nje ya ghala. Mama yule akapangiwa vikombe vya kahawa ya misimu mbalimbali, akaanza kuvuta kwa kijiko kwa kelele na kutema kwenye ndoo. Wanawake wakashtuka. "Mbona anatema? Kahawa yetu imemshinda?"

"Anatema kama mla ugoro, mama," Gaudensi akawatuliza, "lakini mtazameni uso. Uso umemeza."

Kweli alifurahi. Akauliza ni nani anayepokea kahawa hapa. Wakamwonyesha Gaudensi. Akauliza kama anapendwa. Nikatafsiri, watu wakaguna, na yeye guno lile akalielewa bila mimi. Akacheka, akanyoosha mkono kumwelekea Gaudensi, akasema kwa Kiingereza kwamba mtu huyu ndiye punje ya mchanga ndani ya chaza wao. Akanyamaza, akinisubiri.

Hakuitaja lulu. Waingereza hawaitaji, kwao kila anayesikia habari ya mchanga na chaza anaimalizia mwenyewe. Mimi mtoto wa Pangani niliielewa mara moja. Chaza ni mnyama wa baharini anayeishi ndani ya kombe. Punje ya mchanga ikimwingia humkera, naye hawezi kuitema. Basi huizungushia utando wake, tabaka juu ya tabaka, mpaka mahali pale penye kero panakuwa lulu. Mama yule alikuwa amemsifu Gaudensi sifa ambayo sijawahi kuisikia tena ikitolewa kwa mtumishi yeyote katika wilaya ile: kwamba kero yake ndiyo iliyoitengeneza kahawa yao.

Lakini nilikuwa mbele ya watu wasiowahi kumwona chaza, msimu wa mchanga maguniani, na neno la pili katika mfano ule lilikuwa mchanga. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikavuta pumzi. Nilikuwa tayari na mwanzo wangu: "Mgeni anamsifu Bwana Gaudensi. Anasema huko baharini kuna mnyama..."

Ndani ya pumzi ile Bwana Longino akasimama.

"Mkalimani asihangaike," alisema. "Hata sisi wengine tulikwenda shule. Mgeni anasema Gaudensi ni punje ya mchanga. Ndani ya chama chetu. Ndivyo alivyosema."

Vichwa vikageuka kumtazama Gaudensi. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Mchanga?" na mwingine, "Si mlikuwa mnamtafuta? Mzungu amemwonja kwa kijiko."

"Bwana Mwenyekiti," nilisema, "mfano haujaisha."

"Umeisha. Kaa."

"Bwana Mwenyekiti, hii ni sifa. Naomba niifikishe..."

"Mkalimani ni mdomo wa mgeni, si wakili wa rafiki yake. Kaa chini, mtu wa pwani, tumeelewa."

Kelele zilizofuata mama yule alizichukua kuwa ni shangwe. Na hapa ndipo ninapopaona kila ninapofumba macho: alianza kupiga makofi. Peke yake, kwa furaha, kofia ikimtikisika kichwani. Akamfuata Gaudensi alipokuwa amesimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Watu wakaona mzungu anamdhihaki, wakacheka. Gaudensi alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama bado. Sikukaa, na wapo wanaokumbuka kwamba sikukaa. Lakini mdomo wa mgeni ulikuwa umekwisha kupatikana mwingine.

Akachaguliwa shemeji wa Bwana Longino. Gari la mgeni likaondoka kwenda Songea kabla sijamfikia. Nilizunguka kwa wakulima mmoja mmoja pale ghalani nikieleza habari ya chaza, wakanisikiliza kwa adabu. "Ni vizuri kumtetea mwenzako," mzee mmoja aliniambia, "lakini mnyama huyo mwenye mchanga unaogeuka mali, mbona hatujamwona sokoni?" Niliomba kwa mwenyekiti muhtasari wa mkutano urekebishwe. Alijibu kwamba muhtasari huandika yaliyosemwa, na lulu haikusemwa na mtu yeyote. Katika utumishi wangu wote sijakutana na uongo uliovaa ukweli vizuri kuliko huo.

Gaudensi hakupita Jumapili ile, wala iliyofuata. Alikwishakuwa "Mchanga", watoto walimwita hivyo njiani, na watu wazima hawakuwakataza. Kabla ya mvua alimwachia mdogo wake mashamba, akashuka na mkewe hadi Lipingo, kwa wakwe. Mimi nami haukupita muda serikali ikaanza kupunguza watumishi. Nafasi ya mkalimani ilifutwa mapema. Nilielezwa kwamba siku hizi kila ofisi ina mtu anayejua Kiingereza. Nikamkumbuka Bwana Longino, nikatia sahihi.

Niliposhuka Lipingo kumtafuta nilimkuta ufukweni. Wenzake walikuwa wameanika usipa juu ya mchanga, wale dagaa wa ziwani, kama ilivyo desturi. Yeye alikuwa amejenga vichanja vya miti na nyavu, vile vile alivyokuwa akianikia kahawa, na usipa wake ulilala juu, mkavu, unang'aa.

"Wachuuzi wa Songea wanauulizia huu," mkewe aliniambia kwa fahari. "Ukiula hausagi meno. Hauna mchanga."

Gaudensi alicheka kidogo. "Umesikia, Mswahili? Karibu uketi. Wiki hii umesema maneno ya nani?"

"Sina tena maneno ya mtu. Wamenistaafisha."

"Basi leo utasema ya kwako."

Nikasema. Pale ufukweni kuna kome wa majini, wenye makombe mawili, ambayo watoto hukwangulia sufuria. Niliokota mmoja, nikamfungua, nikamwonyesha chaza alivyo, mchanga unapoingilia, utando unavyozungushwa. Kome yule hakuwa na lulu, bila shaka. Nikamweleza lulu. Alilishika kombe lile, kidole chake kikitafuta ndani mahali pale nilipopataja.

"Kwa hiyo yule mama alinisifu."

"Mbele ya watu wote."

"Na aliyeisikia sifa yenyewe ni nani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako." Aliliweka kombe chini taratibu, kana kwamba ni la mtu mwingine. "Basi sifa yangu iko tumboni mwako, ndugu yangu. Watu wote wale, na imemwingia mtu mmoja. Kaimalizie ile tafsiri. Si lazima wanirudishe. Ila wasikie mpaka mwisho."

Nilipanda tena Namswea na ujumbe huo. Bwana Longino alinipokea kwa chai na kusema kwamba ajenda ile ilifungwa, chama chenyewe kinakufa, wakulima kila mmoja anauza anakotaka, sasa tafsiri hiyo nimfikishie nani? Niliuliza tena msimu uliofuata, na uliofuata. Ndipo nikaletewa habari kutoka ziwani, nikashuka kuzika. Kaburini, msoma wasifu, kijana mwema asiyejua lolote, alisema: "Marehemu Gaudensi, ambaye wengi tulimfahamu kwa jina la Mchanga." Watu waliitikia kwa huzuni ya kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma, pembeni mwa watu wa ukoo, mgeni wa dini na wa kabila, na hakuna aliyekuwa amenipa nafasi ya kusema.

Tangu hapo Jumapili hupita nyumbani kwangu bila kuingia. Nimevipanga vile viti ukutani.

Vijana wangu wa kazi, pumzi ile ivuteni hata hivyo. Mwalimu Otmari alikuwa sahihi, na mtu akiiba nafasi yenu ndani ya pumzi hiyo, kosa haliwi la pumzi. Simameni, msikae. Na mkiulizwa mfano umeisha lini, jibuni: umeisha pale msikilizaji anapojua kama mwenzake amesifiwa au amelaumiwa, si pale mwenyekiti anapochoka.

Kwa hiyo, na kwa maneno haya ambayo si ya mgeni yeyote bali ni yangu mwenyewe, nadai yafuatayo kwa Bwana Longino, na nakala hii naipeleka kwake kwa mkono wangu. Awaite wale waliokuwapo ghalani ambao bado wako hai, na watoto wa wale ambao hawapo, pamoja na mdogo wa marehemu na mjane wake aliyeko Lipingo. Asimame mbele yao mahali pale pale. Aseme kwamba aliitwaa kazi isiyokuwa yake, akaifanya nusu, na mtu akaishi na kuzikwa ndani ya nusu hiyo. Kisha aitamke sentensi ile yote, kuanzia mchanga mpaka lulu, na alitaje jina la Gaudensi kama alivyobatizwa.

Mimi nitakuwapo. Nitasimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, na sitamkatiza. Nitamsubiri amalize.